Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kusoma na Kujaza Fomu za Kisheria Katika Mgogoro wa Mwenye Nyumba na Mpangaji

Mpangaji mwenye haki zote anaweza kutolewa ndani ya nyumba kwa sababu ya fomu moja aliyoiweka juu ya kabati akaisahau. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mingi, na kila senti ni halali yake, anaweza kuambiwa aanze upya kwa sababu notisi yake ilikuwa na tarehe isiyo sahihi. Hakimu au mwenyekiti wa baraza anapoanza kusikiliza shauri la nyumba, jalada limeshamwonyesha nani alijibu, nani alinyamaza na nani alichelewa.

Mwongozo huu ni wa pande zote mbili. Sheria za pango hazifanani toka nchi moja hadi nyingine, kwa hiyo nitachukua mifano ya fomu zinazotumika kweli Kenya, England, California (Marekani) na Ontario (jimbo la Kanada). Fomu iliyo mkononi mwako huenda ina jina lingine, lakini kazi yake itakuwa mojawapo ya hizi nitakazoeleza.

Jambo ninalotaka ulishike tangu sasa ni hili: kila fomu inakutaka ufanye kitendo fulani kabla ya siku fulani. Tafuta kitendo hicho na siku hiyo kwanza, kabla hujasoma mwenzako amekuandika nini. Watu wengi hufanya kinyume. Husoma tuhuma, wakapandwa na hasira, wakashinda wiki nzima wakibishana kwa simu, huku siku za kujibu zikiyoyoma.

Hatua ya 1: Itambue karatasi uliyoshika

Karatasi za mgogoro wa nyumba huja kwa mfuatano. Kwanza kuna barua ya madai: mwenye nyumba au wakili wake anaandika kwamba unadaiwa, ulipe. Kisha inakuja notisi, yaani taarifa rasmi inayotakiwa na sheria kabla ya mtu kwenda mahakamani. Baada ya hapo kuna hati ya madai pamoja na wito, ambao wengi huuita samansi. Mdaiwa anajibu kwa utetezi wa maandishi. Shauri linasikilizwa, hukumu inatolewa, na mwisho kabisa, ikiwa hukumu haikutekelezwa kwa hiari, inatoka amri ya utekelezaji anayokabidhiwa dalali wa mahakama au ofisa mwingine aliyepewa mamlaka hayo.

Kujua uko wapi katika mfuatano huo kunaondoa nusu ya hofu. Barua ya wakili, hata ikiwa na maneno makali na karatasi nzito, si amri. Notisi nayo si amri ya kuhama. Inasema kwamba muda ukiisha, aliyeitoa anaweza kufungua shauri au kuchukua hatua nyingine ambayo sheria inamruhusu. Ila usiidharau kwa sababu hiyo, maana zipo sheria ambazo notisi isiyojibiwa hupata nguvu yenyewe. Nitalirudia hilo katika hatua ya tatu.

Ili kutofautisha hati ya mahakama na karatasi nyingine, angalia juu kabisa. Hati ya mahakama ina jina la mahakama au baraza, namba ya shauri na mwaka, majina ya wahusika, na muhuri. Ukiwa na shaka, chukua namba hiyo uende masijala, au upige simu kwa namba uliyoipata kwenye ofisi yenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi, uulize kama shauri hilo lipo. Watu hutishwa kwa karatasi zilizotengenezwa zifanane na samansi, na karani wa masijala anaweza kukuambia ukweli kwa kuangalia daftari lake.

Angalia pia wewe umeitwa nani. Kwenye shauri la madai kuna mdai na mdaiwa. Kwenye mabaraza mengi kuna mwombaji na mjibu maombi. Mpangaji si lazima awe mdaiwa siku zote: akifungua lalamiko kwamba amekatiwa maji, yeye ndiye mwombaji. Ukikosea nafasi yako unaweza kujaza fomu isiyo yako, na nimeona mtu akijaza kwa bidii kurasa zote za fomu ya upande wa pili.

Hatua ya 2: Hesabu siku, na uandike hesabu hiyo

Siku ile ile unayopokea karatasi, andika kwenye bahasha: tarehe, saa, nani aliyeileta, aliikabidhi kwa nani au aliiacha wapi. Piga picha. Muda mara nyingi huanza kuhesabiwa tangu siku ya kupokea, si siku iliyoandikwa juu ya barua, na hizo mbili zinaweza kupishana kwa siku nyingi.

Kisha jiulize maswali matatu. Je, siku ya kupokea inahesabiwa? Je, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinahesabiwa? Je, namna ya kufikishiwa, kwa mfano kwa posta, inaongeza siku? Majibu yamo kwenye sheria husika, na mara nyingi kwenye maelezo ya nyuma ya fomu.

Chukua California. Notisi ya kumtaka mpangaji alipe kodi au aondoke ni ya siku tatu, na siku hizo hazijumuishi Jumamosi, Jumapili wala sikukuu za mahakama. Aliyekabidhiwa mkononi siku ya Alhamisi anaanza kuhesabu Ijumaa, anaruka mwisho wa wiki, halafu Jumatatu, na siku yake ya tatu ni Jumanne. Anayehesabu kwa vidole tu angesema muda uliisha Jumapili. Vivyo hivyo kwa kujibu samansi ya kutolewa nyumbani: zamani mpangaji alikuwa na siku tano, na tangu 1 Januari 2025 zimekuwa siku kumi za kazi za mahakama. Mtu anayesoma maelezo ya zamani anajipunguzia muda wake mwenyewe. Kwingine mabadiliko huenda kinyume, muda ukafupishwa, na hapo anayetegemea maelezo ya zamani ndiye anayeumia.

Ukishapata siku ya mwisho, jiwekee siku yako mwenyewe iliyo mapema zaidi. Foleni ya masijala, mtandao wa mahakama uliokwama na kamishna wa viapo aliyesafiri si sababu ambazo utapenda kuzieleza baadaye.

Hatua ya 3: Ikague notisi kama fundi anavyokagua msingi

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu notisi ndiyo inayobeba kila kitu kinachofuata. Notisi mbovu inaweza kuangusha kesi nzima, na nzuri humwacha mwenye nyumba na kazi ndogo ya kuthibitisha. Iwe unaitoa au umeipokea, ikague hivi.

Je, imeandikwa kwenye fomu inayotakiwa? Nchi nyingi haziridhiki na barua ya kawaida. Kenya, kwa majengo ya maduka, hoteli na migahawa yanayolindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, mwenye nyumba anayetaka kusitisha upangaji au kupandisha kodi lazima atumie fomu iliyowekwa na kanuni. Barua nzuri ya wakili haichukui nafasi yake. Ontario nako kila sababu ina fomu yake: N4 ni ya kodi isiyolipwa, N12 ni ya mwenye nyumba anayeitaka nyumba kwa matumizi yake au ya familia yake, na N13 ni ya kubomoa au kufanya matengenezo makubwa. Aliyetumia N12 huku shida yake ni kodi amefunga mlango wake mwenyewe.

Je, fomu hiyo bado inatumika? England ilikuwa na Fomu 6A, iliyomwezesha mwenye nyumba kudai nyumba bila kueleza sababu. Sheria mpya ya mwaka 2025 iliuondoa utaratibu huo kuanzia 1 Mei 2026. Mtu anayepakua fomu ya zamani kutoka tovuti ya mauzo ya fomu analipia karatasi isiyo na kazi. Chukua fomu kwenye tovuti ya mahakama, baraza au wizara yenyewe, ambako kwa kawaida hutolewa bure, na uangalie tarehe ya toleo iliyo chini ya ukurasa.

Je, majina ni ya watu sahihi? Walioandika mkataba wote watajwe. Nyumba ikiwa ni ya kampuni, atajwe mwenye nyumba halisi, si msimamizi anayekusanya kodi. Namba ya chumba au fleti iandikwe kamili.

Je, sababu imeelezwa? "Umevunja mkataba" haitoshi. Sababu inayoweza kujibiwa inataja kifungu cha mkataba, kitendo, na tarehe. Kwa deni la kodi, lazima uone miezi, kiasi cha kila mwezi, kilicholipwa na kinachobaki. Ukaguzi mzuri wa mpangaji ni kuchukua risiti zake na kujumlisha upya. Deni lililozidishwa, au lililochanganywa na faini na bili ya maji, linaweza kuiharibu notisi ya kodi katika maeneo mengi, kwa sababu mpangaji amedaiwa alipe kisicho kodi ili abaki.

Je, muda uliotolewa unatosha? Na hapa nirudi Kenya, kwa sababu Sura ya 301 ina mtego ambao wafanyabiashara wengi hawauoni. Notisi haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu ipokelewe. Ndani ya muda huo mpokeaji ana mambo mawili ya kufanya, wala si moja. La kwanza, ndani ya mwezi mmoja amjibu mwenzake kwa maandishi kama anakubali au anakataa. La pili, kama anakataa, apeleke shauri kwenye Baraza linaloshughulikia upangaji wa majengo ya biashara, kabla ya ile tarehe ya notisi kuanza kufanya kazi. Mtu anaandika barua ya kukataa, anapumua, anarudi dukani kwake akidhani amemaliza. Hajamaliza. Asipofika kwenye Baraza kwa wakati, notisi inaanza kufanya kazi siku iliyotajwa, na barua yake ya kukataa haimwokoi.

Kwa mwenye nyumba kuna tahadhari yake. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kupokea kodi ya miezi inayofuata baada ya muda wa notisi kwisha kunaweza kuchukuliwa kwamba umeusamehe mgogoro au umeanzisha upangaji mpya. Fedha ikiingia kwenye akaunti bila wewe kutaka, andika mara moja kwamba umeipokea kama malipo ya kukaa ndani ya nyumba, bila kuathiri notisi, na upate ushauri.

Notisi ikiwa mbovu, mpangaji asikimbilie kumwonyesha mwenye nyumba kosa siku ya kwanza, ila pia asinyamaze kabisa kwa kutegemea kosa hilo. Litunze, liingize kwenye utetezi wako kama hoja ya kwanza, na bado ujibu madai yenyewe. Hakimu anaweza kuona kosa ni dogo na kulipita.

Hatua ya 4: Soma hati ya madai aya kwa aya

Hati ya madai huwa na sehemu tatu: wahusika na mamlaka ya mahakama, maelezo ya kilichotokea, na nafuu zinazoombwa. Anza na sehemu ya mwisho. Nafuu zinaonyesha mdai anataka nini hasa: nyumba irudishwe, malimbikizo ya kodi, kodi ya kila siku hadi utakapoondoka, gharama za kesi, riba. Mpangaji ambaye tayari anataka kuhama anaweza kukuta jambo la kupigania ni fedha tu, na hapo mazungumzo yanakuwa mepesi zaidi.

Kisha rudi mwanzo ukiwa na kalamu. Pembeni ya kila aya weka alama: N kwa nakubali, K kwa nakataa, S kwa sijui. Utaona aya nyingi ni N: ni kweli wewe ni mpangaji, ni kweli mkataba ulianza siku fulani. Ugomvi wenyewe mara nyingi umo ndani ya aya chache tu, na hizo ndizo utakazozitolea nguvu.

Wakati mwingine hati imegawanywa. England, fomu N5 ndiyo inayofungua dai la nyumba, na maelezo ya upangaji na deni yamo kwenye N119. California, samansi ni SUM-130 na dai ni UD-100, pamoja na nakala za mkataba na notisi. Ukipokea bahasha yenye moja bila nyingine, andika upungufu huo kwenye kumbukumbu zako siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Jaza utetezi

Mahakama nyingi zina fomu ya utetezi wa kesi za nyumba yenye visanduku vya kuweka alama. England ni N11R, California ni UD-105. Mahali pasipo na fomu, unaandika mwenyewe kwa aya zenye namba zinazofuata namba za hati ya madai.

Kanuni ya kwanza: jibu kila aya. Katika taratibu nyingi za mashauri ya madai, jambo ambalo hukulikataa huhesabiwa umelikubali. Kanuni ya pili: usikatae kila kitu kwa jumla. Anayekataa hata kwamba anaishi kwenye nyumba hiyo anapoteza imani ya anayemsoma. Kanuni ya tatu: eleza kwa nini.

Hivi ndivyo aya za utetezi zinavyoweza kusomeka:

"1. Aya ya 1 na ya 2 za hati ya madai zinakubaliwa.

2. Aya ya 3 inakataliwa. Mdaiwa alilipa kodi ya mwezi wa Machi kwa uhamisho wa benki tarehe 4 Machi. Nakala ya taarifa ya benki imeambatishwa kama kielelezo A.

3. Kuhusu aya ya 4, Mdaiwa anakubali kwamba kodi ya Aprili haikulipwa yote. Anaeleza kwamba alimwandikia Mdai tarehe 10 Februari kuhusu paa linalovuja, Mdai hakulitengeneza, na Mdaiwa alilipia matengenezo hayo kwa kiasi kilichoonyeshwa kwenye risiti, kielelezo B."

Ona kwamba hakuna tusi, hakuna "kila mtu anajua", na hakuna hadithi ya ugomvi wa lango. Kila sentensi ina tarehe au kielelezo. Na tahadhari moja kuhusu aya ya tatu: si kila sheria inamruhusu mpangaji kukata gharama za matengenezo kwenye kodi. Zipo zinazoruhusu kwa masharti, na zipo zinazomtaka aendelee kulipa na kudai kando. Hakikisha kabla hujakata, si baada ya kushtakiwa.

Kama na wewe una dai dhidi ya mwenye nyumba, kwa mfano amana iliyozuiwa au mali iliyoharibiwa na maji, kuna dai la kinzani. Baadhi ya mahakama zinaruhusu uliingize kwenye utetezi ule ule, kwa ada yake. Nyingine, hasa zile zenye utaratibu wa haraka wa kurudisha nyumba, hazilipokei na zinakutaka ufungue shauri jingine. Ontario inampa mpangaji fomu zake: T2 kuhusu haki alizovunjiwa, kama kubughudhiwa au kufungiwa nje, na T6 kuhusu matengenezo.

Usiache nafasi tupu kwenye fomu. Kisanduku kisichokuhusu andika "hakihusiki". Nafasi ikiwa ndogo, andika "angalia karatasi ya nyongeza" na uiweke namba ya shauri juu yake, maana karatasi hutawanyika ndani ya majalada.

Hatua ya 6: Vielelezo na kiapo

Panga vielelezo kwa tarehe, uvipe herufi au namba, na kila kimoja kitajwe mahali fulani kwenye maelezo yako. Picha hamsini za ukuta wenye unyevu hazina thamani kama picha tatu zenye tarehe na barua uliyoituma siku ile ile. Ujumbe wa simu uchapishwe wote kuanzia mwanzo wa mazungumzo, ukionyesha namba na tarehe. Ukikata mstari unaokuumiza, upande wa pili utauleta wenyewe, na kuanzia hapo hata mistari yako ya kweli itatiliwa shaka.

Hati ya kiapo ni ushahidi wako wa maandishi. Andika yale uliyoyaona au kuyafanya mwenyewe. Kwa uliyoambiwa, taja aliyekuambia. Hoja za kisheria ziache kwenye utetezi. Usisaini nyumbani: kiapo kinasainiwa mbele ya kamishna wa viapo au ofisa mwingine aliyeruhusiwa, na kilichosainiwa kabla kinaweza kukataliwa. England wanatumia tamko la ukweli mwishoni mwa fomu badala ya kiapo, lakini uongo ndani yake unaweza kumfikisha mtu kwenye kosa la kudharau mahakama.

Usisaini fomu tupu kwa ajili ya mtu yeyote, hata kama ni ndugu au dalali anayesema atakujazia. Ikifika mahakamani, yaliyojazwa juu ya saini hiyo ni maneno yako.

Hatua ya 7: Fungua, lipa, fikisha

Chapisha nakala tatu angalau: ya mahakama, ya upande wa pili, na yako. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Kama unafungua kwa mtandao, hifadhi ujumbe wa uthibitisho na namba ya malipo.

Ada isikufanye ukae kimya. Mahakama nyingi zina ombi la kusamehewa ada kwa asiye na uwezo: California ni FW-001, England ni EX160. Ombi hilo liende pamoja na utetezi, au kabla yake.

Baada ya kufungua, upande wa pili lazima ufikishiwe nakala, na lazima kuwe na uthibitisho. Hati ya uthibitisho wa kufikisha inataja nani alipeleka, lini, wapi na kwa njia gani. Kwa baadhi ya hati, sheria inakataza mhusika mwenyewe kuzipeleka, kwa hiyo uliza kwanza nani anaruhusiwa. Mwenye nyumba aliyebandika karatasi mlangoni bila kuangalia kama njia hiyo inakubalika anaweza kujikuta anaanza tena.

Hatua ya 8: Kabla ya kusaini makubaliano

Siku ya kusikilizwa, nje ya chumba, mara nyingi mtaletewa karatasi ya makubaliano. Nayapenda makubaliano, kwa sababu yanawapa watu ratiba wanayoweza kuishi nayo. Lakini hii ndiyo karatasi inayosainiwa kwa haraka kuliko zote, na ikishasajiliwa inakuwa amri ya mahakama.

Soma kifungu kinachoanza na "endapo mpangaji atashindwa". Humo ndimo mnaandikwa kitakachotokea ukichelewa malipo hata mara moja. Ontario, makubaliano au amri inaweza kumruhusu mwenye nyumba arudi kwa fomu L4 kuomba amri ya kukutoa bila wewe kuitwa kwanza. Kama unajua mshahara wako huingia tarehe 5, usikubali kulipa tarehe 1. Omba siku chache za neema ziandikwe. Omba iandikwe pia jumla ya deni, malipo ya kwanza yanakwenda kwenye deni au kwenye kodi ya mwezi, na shauri litafungwaje ukimaliza. Ukiahidiwa jambo kwa mdomo, kama matengenezo au kurudishiwa amana, na halimo kwenye karatasi, halimo kwenye makubaliano.

Mwenye nyumba naye asikubali ratiba ambayo anaona wazi mpangaji hataiweza. Miezi mitatu baadaye atakuwa palepale, deni likiwa kubwa zaidi.

Hatua ya 9: Hukumu na amri ya kutoka

Usipojibu au usipofika, hukumu ya upande mmoja inaweza kutolewa. Si mwisho wa njia. Karibu kila mfumo una ombi la kutengua hukumu ya namna hiyo, na masharti yanafanana. England, kwa mfano, aliyekosa kusikilizwa kwa shauri anaomba kwa fomu N244 na anatakiwa kuonyesha mambo matatu: amechukua hatua haraka alipojua, alikuwa na sababu nzuri ya kutofika, na ana hoja yenye nafasi ya kushinda. Kulazwa hospitali bila utetezi wowote hakutoshi. Utetezi mzuri ulioletwa baada ya miezi ya kukaa kimya nao hautoshi.

Tofautisha kutengua na kusimamisha. Ombi la kutengua linasema hukumu isingetolewa hivyo. Ombi la kusimamisha utekelezaji linasema hukumu ipo, ila naomba muda, na kwa kawaida litahitaji mpango wa malipo au amana. Rufaa ni jambo la tatu, na yenyewe peke yake mara nyingi haizuii kutolewa. Mtu anafungua rufaa, anaonyesha risiti ya rufaa mlangoni, na dalali anaendelea na kazi yake kwa sababu hakuna amri ya zuio. Ukikata rufaa, ombi la kusimamisha lifuatane nayo.

Anayekuja na amri ya kukutoa, muombe uisome, uangalie namba ya shauri, anwani, tarehe ya amri na kitambulisho chake. Majina au nyumba ikiwa tofauti, nenda mahakamani siku hiyo hiyo. Na mwenye nyumba, hata akiwa na hukumu mkononi, asibadilishe kufuli, asing'oe bati wala kukata umeme mwenyewe. Ontario, utekelezaji ni wa ofisa wa mahakama pekee. England, kumtoa mpangaji kinyume cha sheria ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1977. Mdai aliyeshinda kesi anaweza kugeuka mshtakiwa kwa asubuhi moja ya papara.

Siku ya kuondoka, iwe kwa amri au kwa hiari, jazeni hati ya makabidhiano: namba ya mita, hali ya kila chumba, idadi ya funguo, vitu vilivyobaki na tarehe vitakapochukuliwa, anwani mpya ya mpangaji, na akaunti ya kurudishia amana. Wote wawili wasaini kila ukurasa, kila mmoja abaki na nakala. Mwenye nyumba akikataa kusaini, mpangaji apige picha za vyumba vyote mbele ya shahidi, amtumie hati hiyo kwa barua au ujumbe siku hiyo hiyo, na atunze uthibitisho wa kuituma, kwa sababu dai la amana linaweza kufunguliwa baada ya pande zote mbili kusahau ukuta ulikuwa na rangi gani.